Mali bila Daftari: Habari za LEO, Kompyuta ya Wauza Chai wa London

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo ni ya watu wa biashara, waliojua tangu zamani kuwa chombo kilichojaa shehena hakimfai mwenyewe ikiwa hajui nini kimepakiwa, nini kimeshushwa, na nani anadaiwa. Lakini ukweli wake hauna mipaka ya nchi wala ya lugha. Katikati ya karne ya ishirini palikuwa na kampuni ya wauza chai na mikate huko London ambayo ilizishughulikia daftari zake kwa bidii, hata ikafika kuunda, kwa fedha yake na kwa mafundi wake, kompyuta ya kwanza duniani iliyofanya kazi ya ofisi ya biashara kwa mfululizo. Kompyuta hiyo iliitwa LEO. Jina hilo limetokana na herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya ofisi ya elektroniki ya Lyons. Waliolitunga hawakujua kwamba katika Kiswahili lina maana yake yenyewe, na kwamba maana hiyo inaafikiana vizuri na mambo yaliyoifika kompyuta yao.

Habari za LEO zastahili kuelezwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi ya kutunga programu kwa ajili ya biashara, ambayo siku hizi hufanywa Nairobi na Dar es Salaam kama ifanywavyo London, ilipata kanuni zake nyingi katika chumba kile cha wauza chai, na matatizo yaliyowasumbua wale wa kwanza ndiyo yanayowasumbua wa sasa. Ya pili ni ngumu zaidi. Historia hii yaonyesha kwamba watu waweza kuifanya kazi yao kwa uangalifu na kwa ustadi mkubwa, na hata hivyo wakapitwa na mageuzi ya biashara. Afaaye kusifiwa si lazima awe ndiye aliyeshinda.

Biashara ya chai na hesabu zake

Kampuni ya J. Lyons iliasisiwa katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa na jamaa mbili za wauza tumbaku, Salmon na Gluckstein. Walimshirikisha Joseph Lyons, naye ndiye ambaye jina lake liliandikwa juu ya milango. Mwaka wa 1894 walifungua mkahawa wao wa kwanza wa chai katika barabara ya Piccadilly. Watu wa tabaka nyingi walivutiwa nao, kwa kuwa ulikuwa safi, chai yake nzuri, na bei zake za chini. Mikahawa ikaongezeka hata idadi yake ikapita 200. Mikate na keki zilitengenezwa katika majengo makubwa ya Cadby Hall, upande wa magharibi wa mji, zikapelekwa kwa magari kila siku. Kampuni ilikuwa na shamba lake la chai pia, katika Afrika: shamba la Lujeri, katika nchi ya Nyasaland ambayo sasa ni Malawi.

Ugumu wa biashara ya namna hii haukuwa katika upishi. Ulikuwa katika hesabu. Mteja huingia, hunywa kikombe cha chai, hula kipande cha keki, akalipa fedha kidogo, akaenda zake. Faida ya mauzo kama hayo ni ndogo mno. Ikiwa karani atatumia muda mrefu kuyaandika, kuyajumlisha na kuyalinganisha, basi uandishi wenyewe huila faida yote. Kwa upande mwingine, ikiwa hayaandikwi, mwenye biashara hajui ni keki gani inayoleta faida na ipi inayoleta hasara. Asiyeandika hupotea gizani, na aandikaye huliwa na gharama za makarani. Kampuni ya Lyons iliishi katika shida hii kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1923 iliajiriwa akili mpya. John Simmons, mwanahisabati aliyehitimu Cambridge, aliingia katika ofisi za kampuni, na kwa muda wa miaka akapanda hata akawa ndiye msimamizi wa kazi zote za makarani. Simmons hakuridhika na desturi ya kuongeza makarani kila kazi iongezekapo. Katika miaka ya 1930 kampuni ilikuwa na idara maalumu ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza namna kazi za ofisi zinavyofanywa: karatasi hii yaandikwa kwa sababu gani, nani huisoma, na je, ikikosekana kutatokea nini? Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa maana ndiyo siri ya mambo yaliyofuata. Kampuni ya Lyons ilikuwa imejifunza kuuliza maswali juu ya kazi miaka mingi kabla ya mashine kupatikana. Mashine ilipokuja, ilikuta maswali yameandaliwa.

Safari ya Marekani na msaada wa Cambridge

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Simmons aliwatuma wasaidizi wake wawili, T. R. Thompson na Oliver Standingford, waende Marekani kuangalia maendeleo ya kazi za ofisi. Walisafiri mwaka wa 1947. Katika ofisi za biashara hawakuona jambo kubwa la kuwashangaza. Lakini walikuwa wamesikia habari za mashine ya elektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya hesabu za mizinga, nao wakaomba kuonana na Herman Goldstine huko Princeton, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kazi hiyo. Goldstine aliwapokea vizuri. Tena aliwaambia jambo ambalo hawakulitazamia: kwamba katika nchi yao wenyewe, katika chuo kikuu cha Cambridge, Maurice Wilkes alikuwa ameanza kuunda mashine ya aina hiyo. Basi walivuka bahari ili waambiwe habari za jirani yao.

Thompson na Standingford waliporudi waliandika taarifa kwa wakurugenzi. Hoja yao ilikuwa kwamba mashine zilizotungwa kwa hesabu za wanasayansi zaweza kufanya kazi za makarani, na kwamba hapana mwenye kiwanda aliyekuwa akifikiri kuziunda kwa kusudi hilo. Wakurugenzi walikubali kumpa Wilkes paundi 3,000 na kumwazima fundi mmoja, Ernest Lenaerts, kwa sharti kwamba Lyons wapate faida ya maarifa yatakayopatikana. Hawakutoa zaidi ya hapo. Walingoja kuona kama mashine ya Cambridge, iliyoitwa EDSAC, itafanya kazi. Tarehe 6 Mei 1949 EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza, na hapo ndipo wakurugenzi walipotoa idhini kamili ya kuunda mashine ya kampuni.

Utaratibu huo wa kutoa kidogo, kungoja matokeo, kisha kutoa kingi, ni rahisi kuusifu na ni mgumu kuufuata. Wengi wameingia hasara kwa sababu walitoa fedha zote siku ya kwanza, kwa kuvutiwa na uzuri wa jambo jipya lililokuwa likisemwa na kila mtu.

Kuundwa kwa LEO

Kazi ya kuunda mashine alikabidhiwa John Pinkerton, mhandisi aliyefanya kazi ya rada wakati wa vita na kusoma fizikia Cambridge. Pinkerton alifuata ramani ya EDSAC kadiri ilivyowezekana, na akabadilisha yale tu ambayo biashara iliyahitaji. Mashine ilijaza chumba kizima cha Cadby Hall. Ilikuwa na vali za elektroniki zipatazo 6,000, kila moja yenye umbo la taa ndogo, na kila moja yaweza kuungua wakati wowote. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija mirefu ya zebaki: habari ziligeuzwa kuwa mawimbi, mawimbi yakapita ndani ya zebaki, yakifika mwisho yakarudishwa mwanzo, na hivyo yakazunguka bila kukoma mpaka yatakapohitajiwa. Maneno ambayo kumbukumbu hiyo iliweza kuyachukua yalikuwa 2,048 tu. Simu ndogo ya mkononi ya siku hizi ina nafasi kubwa kuliko hiyo mara nyingi mno.

Shida kubwa haikutoka ndani ya mashine. Ilitoka mlangoni pake. Mwanasayansi huipa kompyuta namba chache na kungoja ifanye hesabu ndefu. Mfanya biashara huipa namba nyingi sana, kila moja ikitaka hesabu fupi, na hutaka majibu mengi yaandikwe. Kwa hiyo mashine ya biashara yaweza kuwa na mwendo wa haraka, lakini ikakaa bure ikingoja kulishwa. Lyons waliliona jambo hili mapema, wakafanya mapatano na kampuni nyingine iwaundie vyombo vya utepe wa sumaku vya kuingiza na kutoa habari kwa kasi. Vyombo hivyo vilikuwa vya kisasa kupita vyote vya wakati ule. Vilichelewa, vilipofika havikuaminika, vikarekebishwa, navyo havikuaminika vile vile. Mwishowe viliachwa, na mahali pake zikatumika kadi za kutobolewa na utepe wa karatasi, vitu ambavyo makarani walivijua kwa miaka mingi.

Wahenga wa pwani wana neno lao juu ya jambo hili: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini methali isitumiwe kwa haraka, maana Lyons wenyewe walikuwa wakiuacha mbacha wa zamani kwa ajili ya msala mpya. Tofauti ilikuwa kwamba waliweza kutambua ni kipya kipi kilichokwisha kujaribiwa na kipi kilichokuwa ahadi tu. EDSAC ilikuwa imefanya kazi mbele ya macho yao. Utepe wa sumaku ulikuwa haujafanya kazi mbele ya mtu yeyote.

Kazi ya kwanza na kanuni za kazi

Mwisho wa Novemba 1951, LEO ilianza kufanya kwa zamu ya kila juma hesabu ya thamani ya vitu vilivyookwa katika viwanda vya mikate. Watu wa historia huitaja siku hiyo kuwa mwanzo wa kompyuta katika biashara. Kazi yenyewe ilichaguliwa vema. Ilikuwa kazi ya kweli, yenye kuhitajiwa na mameneja, lakini kosa likitokea katika hesabu ya keki laweza kusahihishwa kesho. Kosa likitokea katika mishahara, mfanyakazi atarudi nyumbani mikono mitupu, na jamaa yake watalala na njaa. Kwa sababu hiyo mishahara haikukabidhiwa kwa LEO mpaka siku za mwisho wa 1953 na mwanzo wa 1954, na hata hapo makarani waliendelea kuikokotoa kwa mkono kwa muda, sambamba na mashine, ili majibu mawili yalinganishwe. Yalipolingana mara nyingi bila hitilafu, ndipo makarani walipopumzishwa. Karani mzoefu alihitaji dakika zipatazo 8 kukokotoa mshahara wa mtu mmoja. LEO ilitumia sekunde moja na nusu.

Aliyesimamia utungaji wa programu alikuwa David Caminer. Mtu huyu aliingia katika kampuni mwaka wa 1936, akaenda vitani, na mwaka wa 1943 akapoteza mguu mmoja katika mapigano ya Tunisia. Aliporudi alipewa usimamizi wa idara ile ya kuchunguza kazi za ofisi. Wasaidizi wake walimwogopa na kumheshimu. Kanuni alizoziweka hazikuwa za elimu ya mashine. Zilikuwa za elimu ya kazi.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba programu haiandikwi mpaka kazi yenyewe ieleweke. Mtunga programu alikwenda kwanza kuketi na makarani, na madereva, na wasimamizi wa mikahawa, akauliza na kuandika. Kisha kazi ilichorwa kwa mistari na visanduku, hatua kwa hatua, pamoja na mambo ya nadra: je, mfanyakazi akifa katikati ya juma? Je, akihamishwa? Je, akiwa anadaiwa? Kanuni ya pili ilikuwa kwamba hapana mtu aliyeipeleka programu yake kwenye mashine kabla mwenziwe hajaisoma mstari kwa mstari. Kanuni ya tatu ilikuwa kwamba mashine isiaminiwe. Habari zilitobolewa mara mbili na watu wawili, ndipo zikalinganishwa. Majumla yalihakikishwa kila hatua. Na programu ndefu iligawanywa, ili vali ikiungua katikati, kazi ianze pale ilipokatika, wala isianze upya. Kila asubuhi, kabla ya kazi, mashine ilijaribiwa kwa kuongezewa na kupunguziwa nguvu za umeme, ili vali dhaifu zijionyeshe mapema.

Si watunga programu wote waliokuwa wanahisabati. Kampuni ilifanya masomo mafupi na mitihani kwa watumishi wake wenyewe, ikawachagua waliofaulu bila kujali cheo. Mary Coombs, aliyekuwa ameingia katika ofisi kwa kazi ya kawaida ya ukarani, alichaguliwa mwaka wa 1952, naye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kutunga programu za biashara. Alisomea Kifaransa, wala si hesabu.

Kazi iliyoonyesha ustadi wao kuliko zote ilianza mwaka wa 1954, nayo ilihusu mikahawa yenyewe. Kila mkahawa ulikuwa na agizo lake la desturi: mikate mingapi Jumatatu, keki ngapi Ijumaa. Kila siku, saa iliyopangwa, msimamizi wa mkahawa alipigiwa simu, akataja tofauti tu: leo ongeza hiki, punguza kile. Karani aliyekuwa akisikiliza alizitoboa tofauti hizo katika kadi, na LEO ikatoa orodha za kuoka, za kufungasha, na za kupakia magari kwa mikahawa yote, kabla usiku haujaingia. Mwanamke aliyesimamia mkahawa hakuhitaji kujua neno lolote la elektroniki. Aliulizwa swali alilolijua, kwa sauti ya mtu, na asubuhi yake mkate ulikuwa mlangoni.

Kampuni ya kompyuta

Habari zilipoenea, makampuni mengine yaliomba kufanyiwa kazi. LEO ilikokotoa mishahara ya wafanyakazi wa Ford huko Dagenham. Mwaka wa 1954 Lyons waliunda kampuni ya pekee, Leo Computers, ili wauze mashine kwa wengine. LEO ya pili ilitoka mwaka wa 1957, na ya tatu mwaka wa 1962. Hiyo ya tatu iliacha vali na kutumia transista, nayo iliweza kushughulikia programu kadhaa kwa wakati mmoja. Mojawapo ya mashine za kwanza za aina hiyo ilipelekwa Johannesburg, kwa kampuni ya migodi ya dhahabu ya Rand Mines.

Lakini wakati huo huo biashara ya kompyuta ilikuwa imebadilika. Mwaka wa 1951 Lyons walikuwa peke yao. Baada ya miaka kumi uwanja ulijaa. Kuunda mashine mpya kulihitaji mtaji mkubwa, na kila mashine ilizeeka kabla haijarudisha gharama yake. Lyons walikuwa wauza chakula, na faida ya chai haikuweza kulisha kiwanda cha elektroniki. Tena wateja waliona ajabu kununua mtambo wa namna hiyo kwa muuza keki. Na hao watu wa LEO wenyewe walikuwa na kasoro iliyotokana na wema wao: hawakupenda kuuza mashine tu. Walitaka kwanza kuichunguza kazi ya mteja na kumwonyesha makosa yake, na si kila mteja apendaye kuonyeshwa makosa yake. Wengine waliouza kwa haraka, bila maswali mengi, waliwapita.

Mwaka wa 1963 Leo Computers iliunganishwa na idara ya kompyuta ya English Electric, na Lyons wakaanza kujitoa. Baada ya miunganisho mingine, mwaka wa 1968 mabaki yake yaliingia katika kampuni ya ICL. Mashine ya kwanza ilizimwa mwaka wa 1965. Kampuni ya Lyons yenyewe, ikiwa imelemewa na madeni ya fedha za kigeni, ilinunuliwa mwaka wa 1978 na Allied Breweries, watu wa bia. Mashine za mwisho za LEO zilikuwa katika shirika la posta la Uingereza, nazo zilifanya kazi hadi mwaka wa 1981.

Washindi na shida zao

Ingekuwa kosa kudhani kwamba walioshinda walikuwa na njia rahisi. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza jamaa nzima ya mashine zake, System/360, ambazo ndogo na kubwa zote zingetumia programu zile zile. Wazo hilo lilibadili biashara yote ya kompyuta. Lakini programu kuu ya kuziendesha mashine hizo ilichelewa sana na kugharimu kuliko ilivyokadiriwa. Kadiri ilivyochelewa ndivyo watu walivyoongezwa, hata wakafika elfu na zaidi. Msimamizi wake, Frederick Brooks, aliliandikia jambo hilo kitabu kilichotolewa mwaka wa 1975, na fundisho lake mashuhuri ni kwamba kuongeza watu katika programu iliyokwisha kuchelewa huichelewesha zaidi. Mgeni hana budi kufundishwa, na mwalimu ni yule yule aliyekuwa akifanya kazi; tena kila mtu aongezwapo, mashauri ya kupatana huzidi. Mswahili angesema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, ingawa methali hiyo yataja manahodha tu, na fundisho la Brooks lawahusu mabaharia pia.

Shida haikuwa ya IBM peke yao. Mwezi wa Oktoba 1968 wataalamu wa nchi nyingi walikutana huko Garmisch, katika Ujerumani, wakakiri wazi wazi kwamba programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikizidi gharama, na zikishindwa kazi, wakatafuta namna ya kuufanya utungaji wa programu uwe uhandisi kama ulivyo uhandisi wa madaraja. Mengi waliyoyatafuta yalikuwa yamekwisha kufanywa Cadby Hall miaka kumi na zaidi kabla ya hapo. Lakini waliofanya hayo walikuwa makarani wa kampuni ya chakula, na maarifa yao hayakuwa yameenea katika vyuo.

Fundisho kwa Afrika Mashariki

Hapana sababu ya kudhani kwamba habari hizi ni za wengine tu. Mwezi wa Oktoba 2005, nchini Kenya, katika Nairobi na Thika, yalianza majaribio ya mpango wa M-Pesa kwa wateja wapatao 500. Kusudi la kwanza lilikuwa kuwawezesha watu waliokopeshwa fedha kidogo walipe madeni yao kwa simu. Wasimamizi wa mpango walikwenda wenyewe kuangalia watu wanavyoutumia, wakaona kwamba walikuwa wakifanya mambo yasiyopangwa: wakitumiana fedha wao kwa wao, wakilipia vitu, wakiweka fedha katika simu kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Basi mpango ulipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Machi 2007, habari ya mikopo iliwekwa kando, na watu wakaambiwa jambo moja tu, la kutuma fedha nyumbani. Kabla mwaka haujaisha, waliojiandikisha walikuwa wamekaribia milioni moja. Ulizo la M-Pesa lilikuwa lile lile la Caminer, aliyewapeleka watunga programu wakaketi na madereva: kazi hii hufanywaje hasa, na nani huifanya?

Kwa hiyo mwenye kusimamia kazi ya namna hii ana mambo mawili ya kupima. Moja ni mashine, nayo hubadilika kila mara: vali zilikuja zikapita, transista ikaja, na nyingine zitakuja. Ambaye hatazami mabadiliko hayo atapitwa, kama Leo Computers ilivyopitwa, hata awe hodari kiasi gani. La pili ni kazi yenyewe ya watu, nayo hubadilika polepole. Mkate hauna budi kufika asubuhi, mshahara hauna budi kulipwa siku yake, na fedha aliyotuma mtoto haina budi kumfikia mama yake kamili. Kampuni ya wauza chai ilishindwa katika jambo la kwanza, kwa kukosa mtaji na pengine kwa kukosa wepesi. Katika jambo la pili hapana aliyewashinda, na kanuni walizoziacha, za kuuliza kabla ya kuandika, kusomeana kazi, kujaribu kwa sehemu, na kuendesha la zamani sambamba na jipya mpaka yalingane, zingali zikitumika na watu ambao hawajasikia kamwe jina la Lyons.